Damu ya Uarabuni: Mifupa ya Mtwapa yasema nini kuhusu asili ya Waswahili?

SWALI la "wewe ni nani" halijawahi kuwa swali jepesi katika kisiwa cha Mombasa. Kwa zaidi ya miaka 100, jawabu lake limeamua nani alipe kodi gani, nani apige kura, nani apewe hati ya shamba na nani aambiwe arudi alikotoka.

Wanaopunga upepo katika bustani ya Mama Ngina, ile iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa 2019, huutazama mlango wa bahari wa Kilindini huku wakitafuna mihogo ya kukaanga chini ya mibuyu mikongwe. Wachache hukumbuka kwamba barabara hiyo iliitwa Azania Drive wakati wa ukoloni. Wachache zaidi hujua kwamba upande huo wa kisiwa, kuelekea Mbaraki na kivuko cha Likoni, ndiko ulikokuwa mji wa Tuaca, makao ya Wakilindini kabla hawajahamia karibu na Mji wa Kale.

Jina Azania halikubuniwa na Waingereza. Walilitoa katika kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Humo pwani yetu yote inaitwa Azania, na soko lake la mwisho linaitwa Rhapta. Na humo ndimo mnamopatikana habari ya kwanza iliyoandikwa kuhusu ndoa baina ya watu wa pwani hii na wageni kutoka ng'ambo.

Mwandishi huyo anaeleza kwamba Rhapta ilikuwa chini ya mtawala wa Ma'afir, nchi iliyokuwa kusini magharibi mwa Yemen ya leo. Watu wa bandari ya Muza, karibu na Mokha, ndio waliotoza ushuru. Walituma vyombo vyenye manahodha na mawakala waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuifahamu lugha yao.

Hao walikuwa Waarabu wa Kusini wa zama za Saba na Himyar, miongoni mwa mataifa ya kale ya Kisemiti. Uislamu ulikuwa bado zaidi ya karne tano mbele. Kiarabu cha Kurani hakikuwa lugha yao. Walisema na kuandika lugha zao wenyewe kwa hati zao wenyewe.

Je, waliacha kizazi? Damu yao ingali inatembea katika vichochoro vya Mji wa Kale? Hapa ndipo penye ubishi, na hapa ndipo sayansi ya vinasaba imeingilia kati miaka ya karibuni.

Kabla ya kuyaendea makaburi, yafaa tulisafishe neno lenyewe. Usemiti kwa asili ni jambo la lugha. Jina hilo lilitungwa 1781 na msomi wa Kijerumani, August Ludwig von Schlözer, aliyelichota katika jina la Shemu mwana wa Nuhu ili kuzikusanya pamoja lugha kama Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu. Kiamhara na Kitigrinya ni lugha za Kisemiti pia, na wanaozisema ni Waafrika wasiohitaji ruhusa ya mtu kuwa Waafrika. Lugha hujifunzwa, damu hurithiwa. Anayetumia moja kuthibitisha nyingine hupotea njia mapema, na waliopotea hivyo katika historia ya pwani ni wengi, wakiwemo maprofesa.

UBISHI WA KARNE NZIMA

Wasomi wa kikoloni walipoziona nyumba za mawe, misikiti na makaburi ya minara kuanzia Lamu hadi Kilwa, walikata kauli kwamba Mwafrika hakuyajenga hayo. Kwao, Mswahili alikuwa ama Mwarabu aliyefifia ama mtumwa aliyesilimu.

Serikali ilizigeuza dhana hizo kuwa sheria. Waarabu walipopata haki ya kuchagua mwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1920, Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, waliachwa nje kwa hoja kwamba wao ni "wenyeji". Mwaka 1927 waliunda chama, Afro-Asian Association, kudai watambuliwe kuwa sawa na Waarabu.

Ni rahisi leo kuwacheka wazee hao kwa kuukimbilia Uarabu. Lakini katika koloni ambamo rangi na kabila viliamua kodi, shule na hata mgao wa chakula wakati wa vita, kudai nasaba ya ng'ambo lilikuwa suala la mkate wa kila siku.

Sheria ya hati za ardhi ya 1908 nayo ilikuwa imewapa Waarabu na Waswahili nafasi ya kusajili mashamba ya ukanda wa pwani, huku Wamijikenda wengi wakibaki bila hati katika ardhi waliyoilima. Jeraha hilo halijapona. Ndiyo maana mazungumzo ya "asili" pwani huanza na babu na kuishia kwenye kiwanja.

Kisha upepo ukageuka. Katika vuguvugu la Mwambao la mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1963, lililotaka ukanda wa maili kumi ujitenge na Kenya, nasaba ya Kiarabu ilitoka kuwa ngao ikawa tuhuma. Baada ya uhuru, yule aliyejitetea kuwa si mwenyeji alijikuta akiulizwa kwao ni wapi.

Wasomi nao waligeuka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, alikuwa amedokeza tangu 1965 kwamba Washirazi wa masimulizi walifika Kilwa wakitokea pwani ya Banadir, si moja kwa moja kutoka Uajemi. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akafukua mabaki ya msikiti mdogo wa karne ya nane, uliojengwa katikati ya kijiji cha Kiafrika.

Kutoka hapo ikawa desturi vyuoni kusema kwamba Ushirazi ulikuwa hadithi tupu: kilemba cha heshima ambacho matajiri wa pwani walijivika ili wajitenge na jirani zao wa bara. Hoja hiyo ilipendeza kwa sababu ilirekebisha dhuluma ya wakoloni. Ila kilichopendeza kisiasa hakikuwa kimethibitishwa na yeyote kwenye mifupa.

YALIYOSEMWA NA MAKABURI

Mnamo Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha matokeo ya utafiti wa DNA ya kale ya watu 80. Walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji sita ya pwani: Manda, Faza na Mtwapa nchini Kenya, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi nchini Tanzania. Wengine walitoka Makwasinyi, kijiji cha bara kilicho karibu na mlima Kasigau, Taita Taveta, yapata kilomita 100 kutoka baharini. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Kupata DNA katika mifupa ya pwani si kazi ndogo. Joto na unyevu huiozesha haraka, hivyo watafiti hutegemea sehemu ngumu kama meno na mfupa wa ndani ya sikio.

Matokeo yalizivunja kambi zote mbili. Kwa wengi wa waliozikwa katika miji hiyo, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao vilitoka Afrika. Lakini sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na kwa baadhi yao sehemu hiyo ya Asia ilipita nusu. Na sehemu hiyo ya Kiasia haikuwa ya Kiarabu. Kati ya asilimia 80 na 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, na iliyosalia ilikuwa na uhusiano na Bara Hindi.

Watafiti walijuaje kuwa ni wanaume? Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee, ilhali DNA ya mitokondria humfikia mtoto kutoka kwa mama pekee. Katika makaburi haya upande wa baba ulielekea Asia kwa wingi, na upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Hawa hawakuwa familia zilizohama na wake na watoto. Walikuwa mabaharia na wafanyabiashara waliooa huku.

Tarehe nayo hupatikana kwa njia yake. Watu wa asili mbili wanapozaana, mtoto hurithi vipande virefu vya DNA kutoka kila upande. Kila kizazi huvikata vipande hivyo vikawa vifupi zaidi, kama kamba inayokatwa kila mwaka. Ukipima urefu uliobaki, unaweza kukadiria vizazi vilivyopita. Kwa kipimo hicho, mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000.

Msomaji wa Tarehe ya Kilwa ataitambua tarehe hiyo. Masimulizi hayo yalifupishwa na Mreno João de Barros katika kitabu cha 1552, na nakala yake ya Kiarabu ikaandikwa upya Zanzibar mwaka 1877 kwa ajili ya balozi John Kirk. Yanasimulia jinsi Ali bin Hasan, ndugu zake na baba yao walivyotoka Shiraz na kutawanyika pwani, Mombasa ikiwa miongoni mwa vituo vinavyotajwa. Wazee walioyasimulia waliitwa waongo kwa miongo kadhaa. Haina maana kwamba kila jahazi na kila jina katika masimulizi hayo ni la kweli. Shiraz yenyewe si mji wa bahari, na bandari iliyohudumia biashara yake ilikuwa Siraf. Lakini kiini chake, kwamba wanaume wa Uajemi walikuja na kuzaa huku karibu na wakati huo, sasa kina ushahidi ambao hautegemei kalamu ya mtu.

Kwa hivyo, wanaume wa Kiasia walioacha alama kubwa kuliko wote katika makaburi ya kale hawakuwa Wasemiti. Kiajemi ni cha ukoo mmoja na Kihindi na Kiingereza. Kilichukua hati ya Kiarabu, hakikuchukua ukoo wake. Mzee wa Mombasa aliyejiita Mshirazi mbele ya karani wa Kiingereza, kisha akalazimika kudai Uarabu kwa kuwa sheria haikuwa na fungu la Ushirazi, huenda alikuwa sahihi kuliko fomu aliyoijaza. Kiswahili chenyewe kiliyaweka maneno kama bandari, nahodha na bustani, yote ya asili ya Kiajemi, na mwaka mpya wa jadi ungali unaitwa Nairuzi.

WAARABU WALIINGIA LINI?

Walikuja baadaye, kwa mujibu wa mifupa hiyo hiyo. Baada ya yapata 1500, vinasaba vya Kiasia vinaanza kuelekea Uarabuni zaidi na zaidi. Hilo halishangazi. Karne ya 16 ndiyo masharifu wa Hadhramaut wa ukoo wa Abu Bakr bin Salim walipojikita Pate. Mwaka 1698 Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Fort Jesus, na ukoo wa Mazrui ukaitawala Mombasa hadi 1837. Washihiri, waitwao hivyo kwa bandari ya Shihr, waliendelea kuja na kufungua maduka katika Mji wa Kale hadi karne ya 20.

Waliokuja kutoka Uarabuni walikuta dini imeshakita mizizi. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii wakisali katika misikiti iliyojengwa kwa mbao. Tena msikiti wa Shanga umetangulia mchanganyiko wa damu kwa takriban miaka 200. Anayedhani kwamba Uislamu wa pwani ulirithiwa kwa damu ana tarehe hizi za kujibu.

Na wale wa Muza waliooa Rhapta? Kati yao na mchanganyiko uliopimwa Mtwapa kuna takriban miaka 900. Rhapta haijapatikana kwa uhakika, ingawa wengi huitafuta katika pwani ya Tanzania, na makaburi yaliyopimwa ni ya karne ya 13 na baadaye. Watoto wa manahodha hao, kama walikuwepo, hawakuacha alama inayoonekana katika jamii iliyozikwa Mtwapa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mabaharia wachache waliooa katika jamii kubwa wanaweza kumezwa kabisa na vizazi thelathini. Kwa hiyo kimya cha mifupa si kanusho la kitabu.

Hata hivyo, kuna njia nyingine, ya kale zaidi, ambayo aghalabu husahaulika. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019, uliopima watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba wafugaji walioingia bondeni na nyanda za juu miaka elfu kadhaa iliyopita walikuwa na sehemu ya asili inayofanana na ya watu wa kale wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Wafugaji hao wahusishwa na lugha za Kikushi, si za Kisemiti. Damu yao ilichanganyika na ya Wabantu waliofuata.

Watu wa Makwasinyi ni wa mchanganyiko huo: Wabantu kwa sehemu kubwa, wafugaji wa kale kwa sehemu ndogo. Na asili ya Kiafrika ya watu wa Mtwapa, Faza na Manda inafanana na yao. Maana yake ni kwamba yule Mtaita asiyewahi kuona jahazi anabeba, kwa mlango wa nyuma, chembe za urithi zilizotoka kaskazini, karne nyingi kabla ya Mshirazi wa kwanza kutia nanga. Mstari mnyoofu kati ya "mtu wa pwani" na "mtu wa bara" hauonekani katika vinasaba jinsi unavyoonekana katika hotuba za siasa.

Katika Afrika, mfano unaofanana na wetu ni wa Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini, wanaosimulia kwamba mababu zao walitoka mji wa Sena, ng'ambo ya bahari. Vipimo vya 1996 na 2000 viliwakuta wanaume wao wengi na kromosomu Y za Mashariki ya Kati, na ukoo wa Buba ukawa na alama inayopatikana kwa wingi miongoni mwa makuhani wa Kiyahudi. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba kabila lililopotea limepatikana. Uchunguzi wa 2013, ulioongozwa na Himla Soodyall, ulipoza moto huo: asili ya Mashariki ya Kati ipo, lakini hakuna cha kuifunga na Wayahudi peke yao. Wafanyabiashara wa Uarabuni waliofika Sofala wangetosha.

MAMA ASIYEANDIKWA

Nasaba za pwani huandikwa kwa majina ya wanaume. Fulani bin fulani bin fulani, hadi jahazi. Lililo jipya katika utafiti huu ni yule asiyetajwa: mama. Masimulizi ya Mombasa yenyewe hayakumsahau. Yanamtaja Mwana Mkisi, malkia aliyetawala kisiwani kabla ya Shehe Mvita. Iwapo aliishi kweli au la, mpangilio wa habari hiyo, mwanamke mwenye mji akifuatwa na mwanamume mwenye dini na nasaba ya ng'ambo, unafanana na kile kilichoonekana katika mifupa.

Hilo pia laeleza kwa nini wajukuu wa Waajemi hawakusema Kiajemi. Mtoto alijifunza lugha jikoni na ukumbini kwa mama, na katika miji mingi ya Waswahili nyumba ilikuwa ya binti. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mgeni aliyeoa aliingia katika nyumba, lugha na ukoo uliokuwepo. Alichoongeza ni jina.

Kuna mipaka ya kuzingatiwa. Makaburi mengi yaliyopimwa yalikuwa ya watu wenye hadhi, waliozikwa karibu na misikiti na nyumba za mawe. Wavuvi, wakulima na watumwa waliokaa nje ya kuta hawamo, au wamo kwa uchache. Aidha, watafiti wenyewe wanaeleza kwamba wakazi wa pwani wa leo wamechanganyika zaidi na Waafrika na Waasia waliofuata, kwa hivyo DNA ya marehemu wa Mtwapa si cheti cha kuzaliwa cha mtu wa leo. Anayetuma mate yake katika maabara za ng'ambo akitumaini kuletewa asilimia za Uarabu, na wapo, atapata asilimia za wazazi wake, si hukumu ya iwapo yeye ni Mswahili.

Mombasa yenyewe haimo katika ile miji sita. Lakini Tisa Taifa wa Mji wa Kale ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Na wale Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wamtwapa na Wafaza wamo humo kwa majina ya miji iliyochimbwa. Wazee walipoulizwa kuhusu makaburi ya Mtwapa, waliruhusu yafukuliwe, na kazi ya kuchimba, kuchukua sampuli na kuzika upya ikakamilishwa katika msimu mmoja. Marehemu wale wamerudishwa ardhini.